Miaka ya Baba Kwenye Shura

Wiki iliyopita nilirudi Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati, kuifungua nyumba ya Baba, maana wanunuzi walitaka kuiona. Nilipovuta mlango wa sebule ya wageni, harufu ya ubani iliyoshika kwenye mazulia ilinipanda puani, nikakaa palepale kizingitini. Ndugu yangu, hukuijua nyumba ile ilipokuwa na watu.

Baba alikuwa mjumbe wa shura, baraza la taifa la Oman, kachaguliwa na watu wa Qurayyat, mji wetu wa asili. Kila Alhamisi jioni walimjia huku Maskati, wavuvi, wastaafu, mabwana wenye vilemba vizuri, viatu vyao vikajaa mlangoni hata hapapitiki. Huyu anamtafutia mwanawe kazi, yule maji hayafiki kwao. Jikoni mimi na rafiki yangu, binti wa mwalimu aliyekuja na baba yake, tulipanga vikombe vya kahawa na visahani vya halwa, na Bibi akichoma vitumbua huku akinung'unika: "Nnakwambieni, mchukuzi wa shida za watu hachagui mzigo."

Mwalimu ndiye aliyemfundisha Baba kusoma, na wakati wa uchaguzi alimpigia debe nyumba kwa nyumba. Hata mbele za watu alimwita "mwanangu". Ombi lake lilikuwa moja tu: daraja kwenye wadi, bonde la mto mkavu, iliyotenganisha kijiji chao na skuli. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka wadini ghafla, hata kama kijijini jua linawaka.

"Usiwe na wasiwasi, mwalimu," Baba akimjibu. "Hilo nnalo moyoni."

Ikafika siku Baba akaulizwa serikalini lipi litangulie, daraja lile au barabara ya lami ya kwenda kwenye mashamba ya mitende ya jamaa zetu. Ami zangu walikaa naye mchana kutwa. Nilipoingia na birika nilimsikia ami mkubwa akisema, "Uchaguzi unakuja. Hao wa wadini ni nyumba chache. Kura zako ni sisi."

Baba alinisogezea kikombe nimtilie. Kisha akasema, "Haya. Barabara kwanza."

Msimu wa baridi ule mvua zikaja. Mwalimu alikuwa akimrudisha binti yake kutoka skuli, maji yakalichukua gari. Yeye walimtoa hai. Rafiki yangu alionekana siku ya pili, karibu na bahari.

Tulipokwenda msibani, mwalimu aliinuka kumpokea Baba, akamtilia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibu, mheshimiwa," alisema. Baba alikishika kile kikombe mpaka kahawa ikapoa.

Hakugombea tena. Viatu vilipungua mlangoni, halafu vikaisha kabisa; hata ami zangu walihamia kwa mjumbe mpya. Baba akawa anakaa peke yake sebuleni, kiyoyozi kikinguruma, na mvua ikidondoka hata kidogo huinuka akasimama dirishani. Bibi akatangulia mbele ya haki, kisha na Baba.

Daraja lipo sasa. Lilijengwa baadaye sana, kwa juhudi za wengine. Watu hulipita wakienda pwani kula samaki, wala hawapunguzi mwendo.

Wanunuzi waliniuliza kama sebule ile kubwa inaweza kukatwa ikawa vyumba viwili. Nikawaambia inaweza.