Mama Émilienne Onema, Aliyekataa Ndugu Wagawanywe

Alizaliwa karibu na Kibombo yapata mwaka 1878, na wazazi wake walimwita Onema. Jina Émilienne alilipata miaka mingi baadaye, kwenye ubatizo. Alikuwa msichana mdogo kijiji chao kilipochomwa na watu wenye bunduki, naye akatembezwa pamoja na mateka wengine hadi nyumba kubwa ya mfanyabiashara Mbaraka, kando ya mto Lualaba, akimbeba mdogo wake mgongoni. Njiani aliona kwamba ndugu wa tumbo moja hutenganishwa, wasije wakapanga kutoroka. Basi akamfundisha mdogo wake, kwa kumfinya sikio, kujibu neno moja tu akiulizwa: sina ndugu. Uongo huo uliwaokoa. Waliingia kwa Mbaraka pamoja, na wenye nyumba wakampa mdogo jina jipya, Zawadi.

Hata uzeeni Mama Émilienne hakuficha kwamba aliikumbuka nyumba ile kwa hamu: harufu ya mchele mpya, sauti za watoto wakikariri Kurani, na Bibi Ramla, binti wa Mbaraka, akimsuka nywele alasiri. Ni ajabu mtu kutamani mahali alipokuwa mtumwa. Lakini ndipo alipokuwa na mdogo wake.

Mwaka 1893, katika vita vya askari wa Serikali ya Wazungu na wafanyabiashara Waarabu, Mbaraka akafa kwa homa. Aliacha warithi wawili, Ramla na kaka yake Djamali. Urithi mkubwa haukuwa nyumba wala pembe za ndovu, ulikuwa watu. Vita vilikaribia, wakagawana kwa haraka. Watumwa walipangwa uani mafungu matatu, mawili ya mwana wa kiume na moja la binti, kama sheria ya mirathi ilivyotaka. Kabla ya kura, mwalimu wa Kurani aliyesimamia akauliza kama kuna mtoto mdogo mwenye mama au dada pale, asitengwe naye. Akamwinamia Zawadi. Mtoto akajibu kama alivyofundishwa: “Sina ndugu.”

Onema akaruka mbele. “Bwana mwalimu, huyu njo mudogo yangu! Tumbo moya! Mimi njo nilimufundisha kusema vile.”

Djamali akacheka. “Leo kila muntu iko na ndugu! Kesho mutasema hata mbuzi njo shemeji.”

Watu wote uani wakacheka, hata watumwa wenyewe. Kura ikampeleka Onema kwa Ramla, na Zawadi kwa Djamali, ambaye alikuwa anafunga mizigo akimbilie ziwa Tanganyika. Zawadi alikuwa anakohoa. Kila mtu alijua hatafika.

Ramla akamwita Onema pembeni. “Wewe njo fungu yangu. Nitakuacha huru. Kaa na mimi.”

Mwingine angepiga magoti kushukuru. Onema akasema: “Bibi, ule uhuru umupe Zawadi. Mimi nitaenda na Bwana Djamali. Niko na nguvu, atakubali.” Djamali akakubali upesi, nani angekataa mbebaji mwenye nguvu badala ya mtoto mgonjwa? Ramla alilia, lakini Onema hakumwachia mkono mpaka alipotamka: “Hatakuwa mutumwa. Atakuwa mutoto wangu.”

Msafara wa Djamali ulitawanywa na askari kabla ya kufika ziwani. Onema akaangukia kambi ya Serikali, ambako waliosemwa kuwa wamekombolewa walilimishwa mashamba bila kuulizwa. Huko, baada ya miaka mingi, katekista mmoja alimweleza habari za Kristo, aliyekubali kuchukua mahali pa watumwa ili wao wawe huru. “Kazi yake ile naijua,” Onema akamjibu, akaomba ubatizo.

Reli ilipoanza kujengwa Kindu alihamia huko, akiwapikia wafanyakazi na kumuuliza kila msafiri wa Kibombo habari za Zawadi. Hatimaye mmoja akasema anamjua: mke wa mkulima wa mpunga, Mwislamu, aliyelelewa na Bibi Ramla. Émilienne akaenda kwa miguu. Mwanamke aliyefungua mlango akamwangalia. “Uko nani, mama?” “Muntu aliyekufinya sikio.” Zawadi akapiga yowe hata majirani wakadhani kuna msiba. Tangu hapo, kila Idi mchele wa Kibombo ulishuka kwenda Kindu, na kila Noeli samaki wa Lualaba walipanda kwenda Kibombo. Wajukuu wa Zawadi wanasimulia sikukuu zile mpaka leo, na wanazililia.

Mwaka 1924 Zawadi akafa, na mumewe alikuwa ametangulia. Baba wadogo wa watoto wao wakaketi kugawana yatima: huyu achukue mkubwa, yule achukue wasichana. Émilienne akasimama katikati yao. “Mimi niligawanywa mara moya. Katika jamaa hii, apana tena.” Akawachukua wote. Padiri akamkaripia kwa kulea Waislamu: “Utawabatiza lini?” “Mon père, nilichukua watoto wa mudogo yangu, sikuchukua dini yao.” Wakati huo alikuwa akifundisha katekisimu kanisani, na padiri akamsimamisha kwa muda mrefu. Hakulalamika, alifagia uwanja wa kanisa, akawapikia watoto, akangoja. Ndugu wengine yatima wakaletwa kwake, na hakuna aliyetengwa na mwenzake. Alifariki mwaka 1953, na jeneza lake lilibebwa na Wakristo na Waislamu pamoja.

Katika vita vya mwaka 2002, Mama Nicole wa Kasuku, mtaa wa Kindu, alipotezana na watoto wake wote risasi zilipolia, kila mmoja akakimbilia upande wake. Kulipokucha aliwakuta kwenye kaburi la Mama Émilienne, wameketi pamoja. Kila mmoja alisema bibi mzee alimshika mkono. Kanisa halijatamka lolote. Mama Nicole hangojei litamke.

Leo Kindu, matanga yakiisha na wakubwa wakiketi kuwagawana yatima, mara nyingi mwanamke mmoja hulitaja jina lake, na mazungumzo hubadilika. Anayetaka kumfuata Mama Émilienne asianze na mishumaa. Asimame siku ile, watoto wa marehemu wanapogawanywa kama vyombo, aseme: wote kwangu. Nyumba ni ndogo? Ongeza mkeka.