Kengele ya Ngamia Asiyekuwepo

Kila jioni, upepo ulipogeuka na vumbi la barabara ya Balambala kuanza kupanda juu ya mapaa, mdogo wangu wa mwisho aliketi kizingitini kumtazama ngamia wake akirudi. Mimi sikumwona. Niliona vumbi tu, jekundu kisha zambarau, na mbuzi wa majirani wakitafuna makaratasi. Lakini yeye alinipa habari zote: leo anachechemea kidogo, leo amenyeshewa huko alikotoka, leo kuna ndege mgongoni mwake.

"Mpe maji basi," nilimwambia, huku nikifukiza madumu yangu kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi.

"Ngamia hanywi kila siku, abaayo. Hata hilo hujui?"

Abaayo ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita dada. Kwake nilikuwa dada, na zaidi ya dada.

Kwetu, kitovu cha mtoto mchanga kikikauka na kudondoka, baba hukifunga kwenye mkia wa ngamia jike mchanga. Tangu siku hiyo ngamia yule na uzao wake ni wa mtoto. Baba, kabla hajafariki, alimfungia mdogo wangu chake. Kisha ukame ukaja, ngamia wetu wakaisha mmoja mmoja, na huyo wa kitovu naye akaenda. Mama hakukaa sana nyuma yao, naye akafariki. Mimi nikaacha shule darasa la sita, nikawaleta wadogo zangu Garissa mjini, nikaanza kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Kutoka nyikani tulibeba mikeka, sufuria, na kengele iliyochongwa kwa mti, iliyovaliwa na ngamia yule.

"Kwa hiyo kitovu changu kiko wapi?" aliniuliza siku moja.

Akajijibu mwenyewe: "Kinatembea."

Hapo ndipo alipoazimia kununua ngamia jike mwingine, ili kitovu kipate pa kupumzika. Tukaining'iniza kengele ukutani juu chini, mdomo ukitazama dari, naye akawa anadondosha humo sarafu zake: za Idi, za kuosha madumu, za kumbembeleza mtoto wa jirani. Upepo ulipoitikisa, kengele haikulia tena sauti ya mti. Ililia chuma, sauti nyembamba, kama mvua inayonyesha mbali kwa watu wengine.

Nilijua kengele ile ingejaa na kujaa tena kabla ya kumtosha ngamia. Sikumwambia. Aliyeko safarini humpigii kelele kwamba njia ni ndefu, unamwekea maji.

Kisha ukame ukarudi. Maziwa yakapungua mpaka nikawa nafungasha dumu moja, siku nyingine hata hilo hakuna. Abti, mzee aliyetuletea maziwa kutoka Balambala, ambaye si mjomba wetu wa damu ila tunamwita hivyo, alikuja asubuhi moja akiwa na macho mekundu.

"Nina ndama jike, mama yake amekufa," akasema. "Mwambie mdogo wako amchukue kwa hicho kilichomo kwenye kengele. Nikikaa naye atanifia mikononi."

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka mbio, amekumbatia kengele kifuani. "Abaayo! Imetosha! Imetosha!"

Sijawahi kuona uso uliowaka namna ile. Na mimi ndiye niliyepaswa kuuzima.

"Atakunywa nini?" nikamuuliza.

"Maziwa."

"Yapi?"

Akalitazama dumu langu. Lilikuwa limelazwa, mfuniko wazi, kavu. Abti naye akatazama chini. Mdogo wangu akairudisha kengele ukutani, polepole, bila kuitikisa.

Jioni ile hakuketi kizingitini, wala iliyofuata. Ngamia akawa hana wa kumpokea. Ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyeanza kutupia macho barabarani.

Nikaenda kuketi naye mkekani. "Tusimwache," nikasema. "Tumpunguze kwanza. Awe mbuzi."

"Mbuzi hazai ngamia."

"Mbuzi huzaa mbuzi. Wakiwa wengi, mtu huwabadilisha kwa ngamia. Babu alianza hivyo."

Ulimi wake ukacheza kwenye pengo la jino lililomtoka wiki ile. Jino lenyewe alikataa kulirusha juu ya paa kama watoto wenzake. Alilifunga kwenye kitambaa. "Lakini anunuliwe mvua ikishanyesha," akasema hatimaye. "Sitaki wa kufa."

Mvua ilipokuja, ilikuja na bei yake. Kila aliyepoteza mifugo alikuwa akinunua, na mbuzi mkubwa tuliyemkusudia akatushinda bei. Tulipofika kwa Abti, kengele ilitosha mbuzi jike mchanga tu, mweupe, masikio meusi, miguu haijajua pa kwenda.

"Huyu ni mdogo," Abti akamwonya.

"Na mimi ni mdogo."

Kisha akatoa kile kitambaa na kuniomba nikifunge mkiani. Ndani mlikuwa na jino.

Abti akacheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi, mnyama wa kitovu namjua. Wa jino ndiyo kwanza leo!"

"Basi leo umejifunza, Abti. Kitovu kinatembea, hakikamatiki. Hili ninalo."

Kazi ile ni ya baba. Nikasema Bismillahi, nikafunga mafundo mawili. Mbuzi akaruka, akaingia kundini, kitambaa kikicheza mkiani hadi kikapotea kati ya migongo. Atalelewa pale kwa Abti, yeye na uzao wake.

Nyumbani mdogo wangu aliivika kengele tupu kamba upya, ikatazama chini kama inavyopasa, ikalia mti. Barabara ilipoanza kukauka na vumbi kurudi, akaketi tena kizingitini.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Mbuzi," akasema. Kisha akafinya macho. "Lakini nyuma yake kuna kitu kirefu."

Nikatazama nami. Vumbi lilikuwa zito, lenye rangi ya maziwa yaliyofukizwa. Nikainuka, nikaigeuza tena kengele juu chini, nikadondosha ndani sarafu ya kwanza.