Jeneza la Profesa Ukungu

Miaka ile kila kituo cha televisheni cha mji mdogo wa Marekani kilikuwa na mzuka wake. Mzuka wa mji wa Erie alikuwa Emil Hruska, mtangazaji wa hali ya hewa, ambaye kila Jumamosi usiku alijipaka unga usoni, akalala ndani ya jeneza, akaamka Profesa Ukungu. Filamu za kutisha alizoonyesha zilikuwa mbovu kupindukia. Watu walikesha kwa ajili ya utani wake, na kwa ukelele wa mkewe, Ludmila, aliyejificha nyuma ya kamera na kupiga yowe kila jeneza lilipofunguka.

Kanda zilikuwa ghali. Jumatatu ikifika, kituo kilirekodi habari za kilimo kwenye kanda ileile, na kipindi cha Jumamosi kikafutika. Emil mwenyewe ndiye aliyewapelekea kanda, wala hakuona ubaya. Sasa Ludmila amefariki, na sauti yake haipo popote.

Uzeeni Emil aliuza samani kuukuu. Jeneza aliliweka dirishani livute wateja. Waliotaka kulinunua aliwafukuza. Mchana mmoja akaingia Darlene Pavlik, mwenye baa ya jirani, redio ya kaseti kwapani.

"Profesa, bado hujafa?"

"Nangoja ulete maua. Unataka nini?"

"Jeneza. Nitajaza barafu na bia, wateja wafurahi."

"Haliuzwi."

"Nani kasema nanunua? Nabadilisha. Utotoni nilikuwa naweka redio hii mbele ya televisheni, nakurekodi. Kanda yenyewe imo humu."

Emil aliijua biashara: anayeonyesha hamu ndiye anayeumia. Akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokwisha kung'aa.

"Washa, tuone kama inafanya kazi."

Mkwaruzo. Bawaba zikalia. Ludmila akapiga yowe, na kama kawaida yake akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Juu ya kicheko mama mmoja akafoka: "Darlene! Zima lidude hilo ukalale!"

Kitambaa kikasimama.

"Marehemu mama," Darlene akasema. "Usijali, nimeshatoa nakala yangu."

"Chukua jeneza."

"Bila hata kupatana?"

"Chukua kabla sijabadili mawazo."

Wakalibeba mpaka kwenye pikapu. Darlene aliporudi kuchukua redio, akamkuta Emil ameikumbatia.

"Hiyo hatukukubaliana, mzee!"

"Na mto wa ndani ya jeneza tulikubaliana? Kanda nitaisikilizia wapi, puani?"

Darlene akaondoka akicheka. Emil akafunga mlango wa duka, akairudisha kanda mwanzo.