Kituo Hewa

Iko siku moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa umenijia na habari za programu yako inayojiandikia majaribio yenyewe, nimeona nikusimulie leo. Usidhani nazisikia habari hizo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na programu ya namna hiyo mjini Embu kabla hujazaliwa, na niliiandika kwa mikono hii.

Kwanza nikwambie nilikuwa nani, maana bila hilo hutaelewa kosa lenyewe. Mimi ni mtoto wa Kibirichia, kule Meru, wa viazi na baridi. Nauli ya ndege nilijitafutia, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Uingereza nilisoma mchana na kuosha vyombo hotelini jioni, miaka mitatu, nikarudi na diploma ya kompyuta. Wapo niliosafiri nao waliorudi na digrii wakazunguka Nairobi mwaka mzima na bahasha mkononi. Mimi nilipata kazi wiki ya pili. Cheti changu nilikitundika ukutani hata kabla ya kununua kitanda, na mpaka leo kiko sebuleni, umekiona. Sikukionea aibu wakati ule, na leo pia sikionei.

Kazi yenyewe ilikuwa katika mradi wa chanjo ya mifugo. Mkuu wetu alikuwa Daktari Wanja, daktari wa mifugo, mama mpole ambaye akikukasirikia hupunguza sauti. Mwaka huo homa ya mapafu ya mbuzi ilikuwa imeshaonekana ng'ambo ya mto, ikielekea nyanda za chini za Mbeere. Kule chini mvua ni ya kubahatisha, na mbuzi ndiye shamba, ndiye karo, ndiye mahari. Chanjo tuliyopewa ilikuwa kidogo, nayo hukaa kwenye barafu, na chupa ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo. Kwa hiyo ilitupasa kujua mapema kila kituo kina mbuzi wangapi, tupeleke chupa za kutosha, na tuupite ugonjwa njiani.

Mimi niliambiwa nitengeneze kurasa za mtandao ambazo Daktari angefungua ofisini na kuona kila kituo kinahitaji nini. Vituo vilikuwa vitano, kila kimoja kina kompyuta ya msaada na laini ya simu. Programu yangu ilipiga simu kituoni kwa modemu, ikauliza swali kwa maneno yaliyopangwa, na programu ya kule ikajibu kwa maneno yaliyopangwa, kutokana na yale msaidizi wa kituo aliyoyaandika humo. Huko kuulizana na kujibizana kwa mpango ndiko mnakokuita API siku hizi. Sisi tuliuita mpango huo mapatano, na niliyaandika mimi, kurasa kumi na mbili, nikiwa nimekaa Embu kwenye kiti kinachozunguka.

Sasa, laini za simu za wakati ule zilikatika kila wingu lilipopita. Ningejaribu programu yangu namna gani? Hapo nilifanya jambo ambalo bado najivunia. Niliandika programu nyingine iliyosoma yale mapatano ukurasa kwa ukurasa na kuunda vitu viwili, yenyewe, bila mtu kuisaidia. Iliunda majaribio, maswali zaidi ya mia tatu, kila swali na jibu linalotakiwa. Kisha iliunda kituo cha kuigiza ndani ya kompyuta yangu, kilichojibu kama kituo cha kweli bila simu yoyote kupigwa. Wakati huo kila mtu alikuwa amesikia habari za wafanyakazi hewa, wale walio kwenye orodha ya mshahara lakini kazini hawaonekani. Basi karani wetu mmoja akakiita kituo changu Kituo Hewa, na jina likashika.

Kila asubuhi nilibonyeza kitufe kimoja, na kabla chai haijapoa majaribio yote yalikuwa yamepita. Niliwaita hata watu wa ofisi ya jirani waje kutazama.

Katika kituo cha chini kabisa, upande wa Siakago, alikuwako mzee mmoja aitwaye Ireri, msaidizi wa mifugo aliyeanza kazi nikiwa darasa la kwanza. Alikuwa ameishia kidato cha pili. Siku moja alikuja Embu kuchukua sindano, nikamwonyesha Kituo Hewa kikijibu maswali. Alitazama kwa muda, kofia mkononi, kisha akacheka kidogo.

“Mwana wa Meru, huyu anajibu haraka sana,” akasema. “Kule kwangu hakuna mtu anajibu hivyo. Njoo siku moja watu wakileta mbuzi, ukae na mimi, usikie.”

Nilimwambia nitakuja, huku nikijua siendi. Nilifikiria joto la kule, vumbi, na viatu vyangu vya Uingereza. Hajafika mlangoni, niliwaambia wenzangu, na sikujali kama ananisikia, kwamba sihitaji kukaa juani Mbeere ili nijue namba inaandikwaje. Karani akatikisa kichwa. “Diploma, umemchoma mzee,” akasema. Nilijifanya nina kazi nyingi. Daktari Wanja naye aliniuliza mara mbili kama nimejaribu na vituo vyenyewe. Mara zote mbili nilimpa karatasi ya majaribio yaliyopita, nikamweleza kwa maneno marefu. Alitaka kuniamini, akaniamini.

Siku ya kugawa chanjo ilipofika, programu ilipigia vituo vyote vitano, na kwa bahati laini zote zilishika. Ukurasa ukajaa. Vituo vinne vilikuwa na namba zao. Cha Ireri kilikuwa na sufuri. Daktari alishangaa, nami nikamwambia kwa utulivu kwamba huenda wafugaji wa kule wamehama kutafuta malisho. Neno hilo nililibuni papo hapo, mwanangu, nisije nikaonekana sijui. Gari likapakia masanduku ya barafu, likaenda kwenye vile vituo vinne.

Kesho yake mchana Ireri alipiga simu. Hakupaza sauti. Alisema watu wamefika tangu asubuhi, wengine wametembea tangu jana, na boma limejaa mpaka mbuzi wanakanyagana. Alitaka tu kujua gari limefika wapi.

Nilifungua jibu lake kama lilivyotoka kituoni, kabla programu yangu haijaligusa. Mahali nilipotaka idadi ya mbuzi hapakuwa na namba. Palikuwa na maneno. Mweusi wa pembe moja. Mama wa mapacha. Yule aliyetoka Evurore. Mwekundu na wanawe wote wawili. Mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa, boma moja baada ya jingine. Programu yangu ilipokuta maneno mahali pa namba iliandika sufuri, ikaendelea na kazi yake bila kulalamika. Na Kituo Hewa hakikuwahi kunipa jibu la namna hiyo hata mara moja, kwa sababu kilizaliwa na mapatano yangu, na mapatano yangu yalisema namba.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikupaswa kusahau. Kwetu pia hakuna anayehesabu mifugo yake kwa kinywa. Nikiwa mdogo niliwahi kuwanyooshea ng'ombe wetu kidole nikisema mmoja, wawili, watatu, na nyanya yangu akanipiga kofi mkononi nikalia. Kuwahesabu ni kuwaitia mabaya. Mwenye mifugo huwajua wake kwa rangi na kwa mama zao, na jioni akitupa jicho bomani anajua nani hajarudi. Nimekulia katika desturi hiyo. Lakini nilipokaa kuandika mapatano nilikuwa mtu wa diploma, na mambo ya nyanya nilidhani nimeyaacha Kibirichia. Wasaidizi wa vile vituo vinne walihesabu kimyakimya kabla ya kujibu, lakini kumbe miaka yote Ireri alikuwa akituma orodha kwa barua, na karani anahesabu mistari Embu, mbali na wenye mali. Kila mtu ofisini alilijua hilo. Halikuandikwa popote, nami sikumuuliza mtu.

Daktari Wanja alipunguza sauti. “Vaa viatu vyovyote ulivyo navyo,” akaniambia. “Tunaenda.”

Tulikusanya chupa zilizobaki kwenye friji, ambazo hata nusu ya wale mbuzi zisingewatosha, tukafika alasiri. Wengi walikuwa bado wanangoja. Ireri alinisalimu vizuri kuliko nilivyostahili, kisha akanipeleka kwa bibi mmoja mwembamba aliyekaa juu ya jiwe, kitambaa cha kanisa kichwani, fimbo magotini. Watu walimwita Cucu Ciarunji, yaani nyanya yao. Ireri alikuwa ameshamweleza habari zangu. Alisema nami kwa Kimbeere, polepole, ili Mmeru asikie.

“Wewe ndiye ulisema hatuna mbuzi?”

“Si mimi, Cucu. Ni kompyuta.”

“Ireri anasema uliijaribu mwezi mzima. Nani alikuwa anauliza?”

“Mimi.”

“Na nani alikuwa anajibu?”

“Mimi pia.”

“Basi mlikuwa na mazungumzo mazuri,” akasema. “Hata sisi ungetuita, tuje tusikilize.”

Watu wakacheka, hata wale waliojua kuwa chupa hazitoshi. Nimekaripiwa na walimu wa Uingereza, nimekaripiwa na wenye hoteli, lakini hakuna aliyewahi kunivua nguo kwa upole namna ile.

Daktari alihitaji kujua boma lipi lina mbuzi wangapi ili asifungue chupa ikamwagika bure. Ireri akavua kofia, akamwomba kila mwenye mbuzi atie kokoto moja kwa kila mnyama wake. Kokoto hazina mama, kuzihesabu si kosa. Kofia nilipewa mimi. Nilikaa chini vumbini na suruali yangu ya Uingereza, nikihesabu kokoto na kumwambia Daktari chupa ngapi, huku Ireri akiwashika mbuzi mmoja mmoja. Chupa ya mwisho iliisha kabla zamu ya Cucu Ciarunji haijafika. Hakugombana na mtu. Aliwakusanya mbuzi wake, akashika njia.

Chanjo nyingine ilichelewa kufika. Ugonjwa haukuchelewa.

Nilipopata habari nilikwenda mwenyewe, bila kutumwa, mpaka kwake. Boma lilikuwa kimya kuliko boma linavyopaswa kuwa. Nikamuuliza, kwa ujinga uleule, ni wangapi waliokufa. Akaanza kuwataja. Mweupe aliyekuwa akifungua mlango wa jikoni kwa pembe. Binti yake. Mmoja wa uzao wa yule aliyeletewa na dada yake alipojifungua mtoto wa kwanza. Kipofu wa jicho la kushoto. Aliendelea, nami nikasimama nikisikiliza mpaka akamaliza.

“Hao waandike,” akasema. “Hao sasa unaweza kuwahesabu.”

Niliwaandika. Niliporudi Embu niliifuta ile sehemu iliyokifanya Kituo Hewa kijibu kutoka kwa mapatano yangu peke yake, na orodha ya Cucu Ciarunji ikawa jibu la kwanza nililokifundisha. Kisha nilikwenda vituo vyote vitano, nikakaa siku za kliniki, watu wanapoleta mifugo, nikarudi na majibu ya watu wenyewe: yenye majina, yaliyoachwa wazi, yaliyokatika katikati kwa sababu ya mvua, yaliyoandikwa Kiembu kitupu. Programu yangu ya kuunda majaribio ilisoma yote hayo, ikaunda majaribio mapya. Siku ya kwanza zaidi ya mia yalianguka. Nilikaa nayo mpaka moja moja likapita, na nikahakikisha kwamba programu isipoelewa jibu haiandiki sufuri tena, inasimama na kumwita mtu. Kila msimu nilishuka tena vituoni kusikia kama watu wamebadilisha namna ya kujibu. Programu ile ilifanya kazi miaka mingi, na wilaya nyingine zilikuja kuiomba. Nasema hivyo kwa majivuno, na sitaomba radhi.

Basi, mwanangu, hiyo programu yako inayounda majaribio na vituo vya kuigiza ni kitu kizuri, usiiache. Itakuokolea siku nyingi. Lakini inajua tu kile ulichoiandikia, na ukiwa umekosea itakosea pamoja nawe mara mia tatu kila asubuhi, na kila mara itakuambia uko sawa. Kabla hujaiamini, nenda kwa mtu atakayejibu kweli, ukae pale anapokaa, uchukue jibu lake kama lilivyo hata likikuharibia mapatano yako. Jibu la mtu usilolielewa usiliandike sufuri. Mzee wa kidato cha pili akikwambia njoo usikie, funga ofisi uende. Na yale uliyofundishwa nyumbani usiyaone madogo kwa kuwa hayamo kwenye cheti, kwa maana mimi jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, na mbuzi wa watu wakafa nikiwa nalo.

Mungu akupe kazi inayokutosha na mikono inayoimaliza. Akupe watu wa kukwambia ukweli wakicheka, na akupe masikio ya kuwasikia mapema kuliko nilivyosikia mimi. Unachounda kimfae mtu usiyemjua, na mtu huyo akitaja jina lako bomani kwake, alitaje kwa wema.