Kuni za Zipora

Zipora, mjane wa kijiji kimoja nje ya Ushirombo, hakuwahi kuchoma kuni za mwaka huohuo. Kila baada ya mavuno huingia kwenye ngitili, malisho yaliyohifadhiwa na ukoo, akakata matawi ya mgunga, akayapasua na kuyapanga juu ya mawe yasiguse udongo, hadi jua limmalizie kazi.

"Mama Maganga," jirani yake Agnetha humwuliza, "hizo ni kuni au mahari?"

Mwaka huu mzee Sikujua alifariki. Kwa desturi kila kaya hupeleka kuni msibani, na wengi walipeleka walizokuwa nazo, yaani mbichi. Kwa moshi, waombolezaji walitokwa na machozi mengi kuliko marehemu alivyostahili. Zipora akaona aibu kwa niaba ya kijiji, akatoa rundo lake lote.

Matanga hayajaisha, mkamwana wake Nelly akajifungua kabla ya wakati. Muuguzi aliagiza: mtoto akae kifuani kwa mama, nyumba iwe na joto, moshi usiwepo. Na kipupwe ndiyo kwanza kimeingia.

Maganga, baba mtoto, akaja kutoka Nyarugusu na pikipiki iliyosheheni matimba, magogo ya kuzuia shimo la dhahabu lisibomoke.

"Mama, kuni hizi zimebeba mlima."

"Zimebeba na maji yake, baba."

Maganga aliwasha hata hivyo. Kuku walitoka wa kwanza. Kisha mtoto akakohoa, kikohozi kidogo kama cha paka. Wakautoa moto nje. Nyumba ikapoa.

"Hodi!" Agnetha aliingia na mzigo kichwani: mgunga mkavu, uliopasuliwa vizuri.

"Umezitoa wapi?"

"Nyuma ya zizi langu. Nilikuiga. Ukimwambia mtu, nakana."

"Na ulivyokuwa ukinicheka!"

"Sasa ningekuiga hadharani, ningemcheka nani?"

Moto uliwaka safi, mlango umeachwa wazi kidogo. Nelly alipapasa nyayo za mtoto chini ya kanga, akapapasa tena, akatabasamu: zilikuwa na joto.

"Wabeja," Zipora alimwambia Agnetha kwa Kisukuma. Kisha akasema "asante" kwa Kiswahili, na akamshika mikono yote miwili, maana Agnetha ni mtu wa kudai hakusikia.