Kiuno cha Mama Nekesa

Harufu ya kitambaa kipya kikipigwa pasi ya makaa ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa fundi wa nguo za wanawake, na chumba chetu cha mbele katika mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, ndicho kilichokuwa duka lake: cherehani kando ya dirisha, kioo kirefu ukutani, na stuli yangu pembeni. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuandika. Mama alizungusha tepu mwilini mwa mteja, akataja inchi kwa sauti, nami nikaziandika katika daftari ambamo kila mwanamke alikuwa na ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kwa njia hiyo aliwajua wanawake wa mtaa kuliko hata waume zao. Alijua nani ana mimba kabla mwenyewe hajasema, na nani ameanza kukonda kwa mawazo. Hakutangaza. Aliweka tu sufuria ya chai jikoni, akamwambia mtu, "Hebu kaa kwanza," na mambo yakajitoa yenyewe.

Kisha madera yakaja. Nilikuwa darasa la sita na ilikuwa Januari. Watu husema Eldoret ni baridi tupu. Hao hawajatembea hapa saa nane mchana wakati wa kiangazi, mahindi yamekwisha kuvunwa na upepo unakumwagia mchanga machoni. Wanawake waliozoea kujibana ndani ya sketi na sweta wakagundua lile gauni pana la kufagia sakafu, jepesi, linalopitisha hewa kutoka kwenye vifundo hadi makwapani. Unalinunua sokoni, unaliingiza kichwani, umemaliza. Na saizi ni moja kwa wote! Mnene anavaa, mwembamba anavaa, mjamzito anavaa. Akina mama wa kanisani walinung'unika wiki mbili kwamba hiyo ni nguo ya kulalia, halafu wakanunua nao. Mama yangu alikasirika, haki alikasirika. "Hiyo si nguo," alisema, "ni shuka iliyotobolewa kichwa." Alisimama mlangoni akiyatazama yakipita, ya maua, ya manjano, ya mistari, akisonya tu. Daftari langu lilimaliza wiki nzima bila kufunguliwa.

Aliyelipenda dera kuliko wote alikuwa Mama Nekesa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na rafiki mkubwa wa Mama. Alikuwa mjane, aliuza sukuma wiki na nyanya sokoni, na kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona. Alikuwa na madera mawili, la zambarau na la kijani, akiyapokezanisha tangu Januari, hata siku ambazo mvua ilitishia. Tulimtania sana. "Mama Nekesa, umehamia Mombasa bila kutuaga?" Mama alimuuliza kila alipoingia, naye akacheka, akaketi, akaomba maji. Na maji alikunywa, huyo mama! Glasi tatu mfululizo, kisha anakimbilia msalani. "Jua hili litaniua, Mama Njeri," alisema, na sote tukakubali kwamba ni jua. Nani angebisha? Kila mtu alikuwa na kiu.

Jumamosi moja mwezi wa Machi aliingia na kitambaa cha buluu iliyokoza, kizuri, cha kutolewa kabatini mara moja kwa mwaka. Mama alipiga kigelegele kwamba aliyepotea amerudi. Mama Nekesa alitaka gauni la mikono mirefu, la kumkaa sawasawa, ila hakutaka kupimwa. "Si vipimo vyangu unavyo kwa kitabu? Shona, upunguze kidogo." Mama akamwambia fundi hashoni kwa kukisia, na huku akicheka akamzungushia tepu juu ya dera lenyewe, akakaza. Akakaza tena. Kitambaa cha dera kilijikusanya, kikajaa ngumi yake yote. "Kiuno," akasema, akaiinamia tepu. "Ishirini na tisa."

Nilitazama ukurasa. "Mama, umekosea," nikasema kwa sauti, nikijivunia kumkamata fundi kwenye kosa. "Mwaka jana kilikuwa thelathini na nane. Pima tena." Akapima tena. Tepu ikasema ishirini na tisa tena. Aliikunja polepole, akauliza, "Mama Nekesa, hii nguo ni ya nini?" Mama Nekesa alinitazama, nadhani akaona mimi ni mtoto tu, au labda alikuwa amechoka. "Ya kuzikwa nayo," akasema. "Sitaki wanilaze na dera. Nataka siku hiyo nionekane mtu."

Sikujua kwamba mtu anaweza kuagiza nguo hiyo akiwa amesimama kwa miguu yake, kwa sauti yake ya kila siku, kama anayeagiza sare ya mtoto. Alitueleza kwamba mumewe alianza hivyo hivyo, kukonda na kiu, na kwamba alijua ni ule ugonjwa. Hakwenda kupimwa kwa kuogopa midomo ya mtaa. Dera lilimfichia mwili. Alikuwa amekwisha kupatana na dada yake anayeishi kijijini Ziwa kwamba amchukue mwanawe, Nekesa. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Mama hakutaja methali yoyote. Alilia na kumgombeza kwa pamoja: "Miezi mitatu! Tunakunywa chai kikombe kwa kikombe, na unakufa hapa mbele yangu! Woi, wewe mwanamke!" Kisha akapangusa macho, akachukua chaki. "Nitakata kwa kipimo cha mwaka jana. Utalinenepea."

Jumatatu alimpeleka hospitalini. Haukuwa ugonjwa aliouogopa, na hata ungekuwa huo, dawa zilikuwepo. Ilikuwa sukari. Daktari alisema wangechelewa wiki chache tu, angeanguka pale pale kando ya nyanya zake. Walimfundisha kujidunga sindano, na kufikia Desemba gauni la buluu lilimkaa. Yu hai mpaka leo, bado anacheka kwa kelele. Kinachonishtua mimi si yeye, ni sisi. Tulimwona asubuhi na jioni, tukamsifia rangi, tukamjazia glasi.

Sasa nina umri aliokuwa nao Mama Nekesa wakati ule. Naishi kwenye ghorofa hapa hapa Eldoret. Mama aliacha cherehani macho yalipofifia, akahamia shambani Moi's Bridge. Nguo naagiza kwa simu, mtu wa bodaboda ananiletea mlangoni. Joto likianza navaa dera, nina saba, na sidanganyi, hakuna raha kama hiyo. Majirani wananisalimia vizuri kwenye ngazi, wananiambia nimependeza, nami nawaambia wamependeza. Lakini katika mji huu mzima hakuna mtu anayejua kiuno changu ni inchi ngapi. Hata mimi sijui.