Stima Safi ya Baba

Baba yangu aliamini kwamba stima ina uchafu. Hakulisema jambo hilo kwa mzaha, maana mzaha hakuwa nao. Alilisema akiwa amesimama sebuleni kwetu, mtaa wa Umoja, Nairobi, mikono nyuma, mbele ya soketi ya ukutani, kama mkaguzi wa shule aliyekuta darasa halijafagiwa. Kuna stima safi na kuna stima chafu, alitufundisha, na ni sikio la mjinga tu lisilojua tofauti. Alikuwa karani wa reli. Kazi yake ilikuwa kugonga mihuri. Stima hakuwahi kuisomea hata siku moja, lakini kutojua hakukumzuia kufundisha.

Chanzo cha elimu hii yote kilikuwa redio yake. Nasema redio kwa sababu ndivyo tulivyoiita, ingawa yeye alilichukia neno hilo na kututaka tuseme "mtambo". Ulikuwa na amplifaya nyeusi yenye taa za kijani, deki ya kaseti, na spika mbili ndefu ambazo mama alizivisha vitambaa vya kufuma kwa mkono wake. Vyombo hivyo alivinunua kimoja kimoja kwa watu waliokuwa wakihama mtaa, na ili aipate deki aliuza redio kaseti ndogo ya mama, ile iliyokaa juu ya kabati la jikoni ikimwimbia akikanda chapati. Hakumuuliza. Mama alirudi kutoka sokoni akakuta alama ya mraba kwenye vumbi, basi.

Mtambo wenyewe ulikuwa na ugonjwa. Ulivuma. Ukiuwasha tu, kabla hata ya wimbo kuanza, spika zilitoa sauti nzito isiyokatika, na ukiongeza sauti ya wimbo unaongeza na mvumo. Mama alisema debe tupu haliachi kuvuma, ila alisemea jikoni.

Baba alilaumu soketi. Akamleta fundi kutoka Makadara atoboe ukuta na kuweka soketi ya amplifaya peke yake, isiyoguswa na kitu kingine chochote. Mvumo ukabaki. Akaamua kwamba deki haipaswi kula hata katika chumba kimoja na amplifaya, akaipa soketi ya chumbani, waya ukapitishwa juu ya mlango. Mvumo ukazidi. Mtu mwenye akili angeketi hapo ajiulize. Baba alitafuta nondo ya chuma, akaipigilia ardhini karibu na mfereji, akaifunga waya uliopita dirishani hadi mgongoni mwa amplifaya, ili uchafu wa stima uteremkie ardhini. Aliambiwa na mtu, sijui nani, kwamba ardhi kavu haipokei. Basi kila jioni alivua koti la kazini, akakunja mikono ya shati, akaimwagilia nondo yake maji. Sukuma wiki za mama zilikuwa hapo kando, zimenyauka. Alizipita na ndoo.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba vyombo viwili vilivyounganishwa kwa waya, kila kimoja kikilishwa na soketi yake yenye njia yake ya kwenda ardhini, huvuma kwa sababu hiyo hiyo. Dawa yake ni kuvichomeka mahali pamoja. Yaani kila soketi aliyoiongeza ilikuwa kuni motoni. Lakini angeambiwa na nani? Mtu huyu alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali.

Jibu lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa watu. Mwenye nyumba wetu, kama wenye nyumba wote wa Umoja, alikuwa ameongeza vyumba vya kupangisha mbele na nyuma hadi ua ukabaki ujia, na vyumba vyote hivyo vilivuta stima kupitia kwetu. Ikivuma, ni mpangaji wa mbele amewasha koili ya kupikia. Ni yule wa pembeni anapiga pasi. Ni friji ya duka. Baba alijua ratiba ya kila chombo uani, akatangaza kwamba stima ya asubuhi ni chafu kwa sababu ya pasi, stima ya jioni ni chafu kwa sababu ya mapishi, na stima ya kusikilizika ni ya Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa sekondari wakati huo na nilimdharau kwa moyo mmoja. Bado namdharau kidogo, na amekwisha kufa.

Mwaka huo bibi, mama yake mama, alifariki kwao magharibi. Mama alikuwa ametoka kujifungua kitinda mimba wetu kwa upasuaji, kidonda kibichi, na daktari akamkataza katakata kupanda basi. Hakumzika mama yake. Mtu wa kwao ataelewa bila kuelezwa, lakini wewe nitakueleza. Kwao, kabla ya kaburi kufunikwa, mwana wa kiume mkubwa husimama akawaita watoto wa marehemu kwa majina, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kila aitwaye hutupa udongo. Asiyekuwepo naye huitwa, na mwingine humtupia. Kuitwa ndiko kunakoonyesha kwamba hakumtupa mama yake. Asipoitwa, maneno yatamfuata hadi siku yake mwenyewe.

Mwana mkubwa alikuwa mjomba. Alipitia kwetu kabla ya kusafiri, akakalia kiti cha baba, akala kuku tuliyemchinja kwa ajili yake, akamshika mama mkono.

"Dada yangu, wewe usilie. Nitakuita mimi mwenyewe. Na udongo wako nitautupa kwa mkono huu."

Akauinua mkono wenyewe tuuone. Ulikuwa na mafuta ya kuku.

Siku hizo mazishi yalirekodiwa. Kijana mmoja husimama karibu na kaburi na redio kaseti begani, ili walio Nairobi nao wasikie. Kaseti yetu ilifika kwa basi ikiwa imefungwa kwa gazeti. Mjomba aliporudi mama alimuuliza kama alimwita, naye akasema, "Kila kitu kimo kwenye kaseti, dada, wewe sikiliza tu," akaulizia chai.

Mama akaipeleka kaseti kwa baba kwa mikono miwili. Baba akaitazama, akaigeuza, akasema kitu cha maana kama hiki hakisikilizwi kwa stima ya jioni.

"Baba watoto, ni neno moja tu nataka kulisikia."

"Na utalisikia vizuri. Subiri stima itulie."

Stima haikutulia. Jumapili ya kwanza alijaribu, na kwa kuwa kaseti ilirekodiwa kwa sauti ndogo, baba ilibidi aongeze sauti, na mvumo ukapanda ukameza wimbo, padri na waombolezaji wote. Akaizima. Jumapili iliyofuata akaizima tena. Mama aliendelea kunyonyesha na kungoja, na kila alipoipita deki aliigusa kidogo kwa vidole. Redio yake ndogo iliyouzwa ingemwambia jibu siku ile ile kaseti ilipofika. Hilo sijamsamehe baba.

Hatimaye kina mama wa kikundi chake cha kanisa wakaja kumpa pole kwa mara nyingine na kusikiliza mazishi pamoja naye, kama ilivyo desturi. Walileta sukari na unga, wakajaa sebuleni. Walijua anachongoja. Baba naye alivaa suti. Badala ya kuwasha mtambo, alisimama mbele ya wale akina mama, wengine wao wajane, akawaeleza habari za soketi. Walimsikiliza kwa adabu wakiwa na vikombe mkononi. Kisha akatoka nje kwenda kuwazima wapangaji, na mimi nikatumwa nimfuate.

Mpangaji wa mbele, dereva wa gari la mikate, alifungua mlango akiwa na mtoto kifuani.

"Zima hiyo koili kidogo," baba akasema. "Tunasikiliza mambo ya msiba."

"Mzee, sasa mtoi wangu akunywe maziwa baridi juu ya redio?"

"Si redio. Ni msiba."

Mpangaji akanitazama mimi, akamtazama baba, akazima. Aliuheshimu msiba wetu kuliko alivyouheshimu baba, aliyeutumia kama kitambulisho cha kupitia mlango.

Tukarudi. Kaseti ikawekwa. Mvumo ukaanza, na chini yake, mbali, sauti ya mjomba: "Sasa watoto wa marehemu..." Mama akainuka nusu kutoka kitini. Baba akabonyeza kitufe, kaseti ikasimama.

"Hapana, hapana. Nondo imekauka."

Akaenda kumwagilia. Ndiyo, akiwa na suti. Aliporudi alianza tena kutoka mwanzo, ili tupime tofauti, akakatiza tena pale pale, akachomoa, akachomeka, akageuza plagi, akaipiga amplifaya kofi. Chai ikaisha. Mama mmoja akaomba wafunge kwa sala kwa sababu giza linaingia. Mlangoni akamshika mama bega, "Tutarudi, dada, siku redio itapona," na mama akacheka ili asilie, kisha akalia. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika. Hakumwona.

Kesho yake baba alikwenda kazini. Mama alikuwa akipiga pasi nguo za mtoto, pasi ikiwa kwenye ekstensheni iliyotoka jikoni, kwa sababu soketi za sebuleni tulikuwa tumekatazwa. Akasimama na pasi mkononi akiutazama mtambo. Nadhani alikuwa amechoka tu. Sidhani alijua chochote kuhusu stima zaidi yangu.

"Nisaidie kuvuta hii," akaniambia.

Tukaung'oa ule waya wa nondo. Tukaichomoa deki chumbani. Akavichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni ile ile ya pasi, kando kando, kwa maana alitaka kuisikiliza kaseti yake huku akimaliza kazi yake. Akawasha.

Nilifikiri imekufa. Taa za kijani zilikuwa zinawaka lakini spika zilikuwa kimya kabisa. Halafu jogoo akawika humo ndani, kwao, kilomita zote zile, nikageuka kutazama dirishani. Mtu akakohoa. Udongo ukasikika ukianguka juu ya sanduku. Nilikuwa nimeishi na ule mtambo miaka na sikuwahi kuusikia.

Mjomba akaanza kuita. Akajiita yeye mwenyewe kwanza, akatupa. Akamwita aliyemfuata. Mama alihesabu ndugu zake kwa midomo bila sauti. Akaitwa dada yake mkubwa, yule aliyemtangulia yeye, na udongo ukaanguka, na mama akainamisha kichwa apokee jina lake.

Akaitwa mdogo wa mama.

Halafu mwingine, na mwingine, hadi wa mwisho. Kisha mjomba, kwa sauti iliyojaa asali, akamwita mgeni mmoja aliyekuwa ametoa gari la kubeba mwili, akamshukuru kwa majina yake matatu, akasifu gari, akasifu hata dereva. Wimbo ukaanza. Hakumruka dada yake kwa chuki, hilo najua. Alimsahau jinsi mtu anavyosahau mwavuli, macho yake yakiwa kwa tajiri. Aliporudi Nairobi alikuwa amekumbuka, ndiyo maana akasema kila kitu kimo kwenye kaseti. Aliujua mvumo wetu. Aliwahi kuusikiliza akila kuku.

Mama akairudisha nyuma akasikiliza tena. Sauti ilikuwa safi mno, hapakuwa na mahali pa kuliweka jina. Akaizima. Akanyoosha nguo za mtoto zilizobaki, zote, akazikunja. Kisha akachomoa plagi kwenye ekstensheni, akaichukua ya deki akaipeleka chumbani kwenye soketi yake, akairudisha ya amplifaya ukutani, akainama kwa shida kwa sababu ya kidonda, akaufunga waya wa nondo mahali pake.

"Mama, si tumeshairekebisha?"

"Iache ivume," akasema. "Na baba yako usimwambie."

Sikumwambia. Kina mama walirudi Jumapili iliyofuata, kama walivyoahidi. Baba alikuwa ameinywesha nondo tangu asubuhi hadi ua ukawa tope. Akatoa hotuba ile ile, akawasha, na mtambo ukavuma kuliko siku zote. Alitaka kuzima. Mama akamwambia aache iende. Alimwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiitumia kwake, naye akaacha. Sauti ya mjomba ikapita chini ya mvumo, ikipanda, ikizama, maneno hayashikiki. Mama alikuwa ameketi wima, macho yamefumbwa. Ghafla akainua mkono.

"Hapo," akasema. "Mmesikia? Ndipo aliponiita."

Kulikuwa na mvumo mtupu. Yule mama mjane, aliyemshika bega mlangoni juma lililopita, ndiye aliyejibu.

"Tumesikia, dada. Amekuita."

Na wengine wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, tumesikia, tumesikia, na mmoja akaanzisha wimbo. Baba alikuwa amechutama karibu na ukuta, kidole kwenye swichi, akitikisa kichwa kwa uchungu wa mtaalamu.

"Mnaona sasa? Ingekuwa ni stima safi mngelisikia vizuri zaidi."

"Imetosha, baba watoto," mama akasema. "Hiyo soketi usiiguse."